Siku Niliyorudishwa Kutoka Nyumba ya Wayahudi

Watu huniuliza nilisoma wapi mpaka nikawa na mashine ya kukoboa kahawa na malori mawili. Nawajibu: sikusoma. Nilifika darasa la nne nikaondolewa. Nasema nikaondolewa, sisemi niliacha, maana wapo vijana wa siku hizi wanaoandika kwamba wazee wa Karagwe tuliacha shule kwa kupenda ng'ombe. Kwetu hata ng'ombe hatukuwa naye. Aliyeniondoa alikuwa mtu, mwenye uso, na uso huo ninao mpaka leo.

Alikuwa mwalimu wangu. Jina lake silitaji. Waliomjua watamjua, na wasiomjua hawapungukiwi na kitu. Alitoka upande wa Bukoba, mtu wa ziwani, na sisi Wanyambo alituona kama watu walioshuka mtini jana. Alivaa kaptula nyeupe iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, na kofia ya pama ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Kufundisha alijua, sikatai. Hesabu alinitia kichwani ikakaa. Lakini alipokuchukia, alikuchukia mzima mzima, wewe na baba yako na kilima mlichotoka.

Wakati huo vita vya pili vya Wazungu vilikuwa vimeanza. Ng'ambo ya mto Kagera, upande wa Uganda, palikuwa na machimbo ya bati, na kwenye machimbo yale waliishi Wazungu wa namna nyingine, waliofukuzwa kwao. Padre wetu akatuambia ni Wayahudi. Tulishangaa. Sisi Wayahudi tuliwajua wa kwenye katekisimu, tukadhani waliisha zamani sana pamoja na Wafilisti. Kumbe wapo, wako hapo tu ukivuka mto, na wamejenga nyumba yao ya jumuiya: humo wanasali, humo wanafundisha watoto wao, humo wanasoma magazeti na kunywa chai. Nyuma ya nyumba walikuwa na karakana. Mkubwa wao alikuwa mzee mmoja, fundi wa mitambo ya machimbo. Huyo alimwambia padre: niletee vijana wako, mmoja wao nitamchukua akae kwangu, nimfundishe injini mpaka awe fundi kamili.

Injini! Mtoto wa kijiji chetu cha Kituntu wa siku zile alikuwa hajagusa hata baiskeli. Mimi niliwahi kuliona lori la machimbo limekwama Bweranyange, dereva amefungua boneti, nikasimama pale tangu asubuhi mpaka mama akatuma mtu kunitafuta akidhani nimekufa. Basi niliposikia habari ya yule mzee, nilijua nafasi ile ni yangu. Sikuiomba hata kwa Mungu. Niliichukua moyoni kama mtu aliyekwisha peleka mahari, anangoja siku ya kumleta bibi harusi tu.

Tulichaguliwa sita. Miongoni mwetu alikuwemo mpwa wa mwalimu, mtoto wa dada yake, kijana mlaini asiyependa kuchafua mikono. Safari ilipangwa hivi: siku ya kwanza ya ugenini tuwatembelee Wayahudi, halafu Mbarara tukaone hospitali na shule za huko, halafu Kampala. Wakati wa kurudi, atakayekuwa amechaguliwa abaki karakana. Lori la machimbo likatubeba mpaka Murongo, tukalala kwa katekista karibu na mto. Kulipokucha ilikuwa Ijumaa, na ndiyo siku ninayoisimulia.

Pale kivukoni wavuvi walikuwa wanauza samaki. Mwalimu akachagua kambare mmoja mkubwa, mweusi, mwenye sharubu ndefu, bado anafungua mdomo na kufunga.

"Leo Ijumaa," akasema, ameridhika na akili yake. "Wazungu hawali nyama Ijumaa. Hatuwezi kwenda kwa watu mikono mitupu kama Wanyambo."

"Kwani sisi si ndio Wanyambo, mwalimu?" akauliza mmoja wetu, kijana wa utani.

"Ndiyo maana nimekuja kuwafundisha."

"Na hawa Wayahudi, mwalimu, ndio wale wale wa Herode?"

"Funga mdomo." Kisha akanigeukia mimi, kwa kuwa nilikuwa na mabega. "Wewe. Beba samaki."

Hapa lazima niseme jambo ambalo kila mtu wa kwetu analijua. Kila ukoo una muziro wake: mnyama, au ndege, au samaki, ambaye watu wa ukoo huo hawamli wala hawamgusi. Wengine nyani, wengine pongo, wengine ng'ombe mwenye mistari. Hufundishwi kwa maneno mengi. Unakua unajua, kama unavyojua kwamba baba yako humwiti kwa jina. Muziro wetu sisi ni kambare. Baba yangu akikuta kambare wamening'inizwa sokoni alikuwa anageuza uso na kuzunguka kwa nyuma ya vibanda.

"Mwalimu," nikasema, "huyu ni muziro wetu. Nipe mizigo yote ya wenzangu niibebe, huyu abebwe na mwingine."

Mtani wetu akadakia: "Mimi nitambeba. Kwetu tumekatazwa nyani tu, na nyani hapa naona hawauzi."

Wenzangu wakacheka, wavuvi wakacheka. Ingeweza kuishia hapo. Lakini mwalimu aliona wavuvi wanacheka, naye hakupenda kicheko asichokianzisha yeye.

"Umebatizwa au hukubatizwa?" akaniuliza.

"Nimebatizwa, mwalimu."

"Padre alipokumwagia maji alikuambia usile kambare?"

"Hakuniambia."

"Basi muziro wako ulikwenda na maji. Beba."

"Siwezi, mwalimu."

Akanichapa fimbo za miguu. Sikusogea. Akachukua kamba ya mgomba, akaipitisha kwenye mashavu ya yule samaki, akanifunga nayo shingoni. Kambare akaning'inia kifuani pangu, bado yu hai, anapiga mkia kwenye tumbo langu. Utelezi ukashuka ndani ya shati, na shati lenyewe nilikuwa nalo hilo moja, mama alinishonesha kwa ajili ya safari.

Hakuna aliyecheka tena. Kila mmoja wa wenzangu alikuwa na wake, wa nyani au wa pongo, na kila mmoja aliiona shingo ile ni yake. Hata mpwa wa mwalimu alitazama mtoni. Tukaingia mtumbwini, tukavuka. Hivyo ndivyo nilivyoingia nchi ya kigeni mara ya kwanza maishani mwangu, na muziro wa babu zangu umefungwa shingoni. Nilitembea nao kutoka mtoni mpaka kwa Wayahudi, jua linapanda, inzi wananifuata. Katika mwendo ule niliacha kumwogopa mwalimu. Nilianza kumsubiri.

Nyumba ilikuwa ndefu, ya matofali, imepakwa chokaa, na juu ya mlango palikuwa na nyota ya pembe sita iliyokatwa kwenye kipande cha bati. Mzee mwenyewe alitupokea mlangoni: mtu mfupi, ndevu nyeupe, kucha zimeingia mafuta ya mashine yasiyotoka hata kwa sabuni. Kichwani alikuwa na kikofia kidogo kama kifuniko cha chungu. Mwalimu akavua pama yake kwa adabu, halafu akamzaba kofi mtani wetu, ambaye bado alikuwa na kofia yake ya ukindu.

"Vua! Unaingia nyumba ya sala!"

"Hapana, hapana," mzee akasema kwa Kiswahili chake cha machimbo. "Hapa vaa. Hapa kofia ndiyo heshima."

Akatoa vikofia vya kitambaa kwenye kikapu, akatugawia. Mwalimu akabaki ameshika pama yake, hajui airudishe kichwani au la. Alipoirudisha, mtani wetu, shavu bado linawaka, akamtazama tu. Kutazama kwenyewe kulitosha.

Ndipo mzee akanigeukia mimi. Kwa mbali alikuwa amedhani nimebeba. Aliposogea akaona nimefungwa.

"Nani anafunga mtoto na samaki?"

Akatoa kisu kidogo mfukoni, akakata kamba, kambare akaanguka sakafuni puu. Mwalimu akapiga hatua mbele, meno yote nje.

"Ni zawadi yetu, mzee. Kwa kuwa leo ni Ijumaa."

"Asante, mwalimu. Ijumaa sisi tunakula samaki, kweli kabisa. Lakini huyu, hapana." Mzee akainama, akapitisha kidole juu ya mgongo wa kambare pasipo kumgusa. "Hana magamba. Samaki hana magamba, sisi hatuli. Mungu alikataza babu zetu."

Hapo mtani wetu akauliza taratibu, kwa sauti ile ya mwanafunzi mwema anayetaka kujua:

"Kwa hiyo, mzee, kambare ni muziro wenu?"

"Muziro ni nini?"

Nikamjibu mimi. Nikamwambia ni kitu ambacho babu zako walikikataa na wewe unakikataa, hata ukiwa peke yako porini na njaa inakuuma. Mzee akatikisa kichwa kukubali, akatazama kamba iliyobaki shingoni pangu.

"Na wewe, muziro wako nini?"

"Huyo hapo, mzee."

Alimgeukia mwalimu, akamtazama muda. "Mwalimu," akasema, "hii si vizuri."

Nikacheka. Nilicheka kwa sauti, utelezi ukiwa bado unanitiririka, nikimtazama mwalimu machoni. Wenzangu wakanifuata, wote, nyumba ikajaa kicheko. Mwalimu naye akacheka, maana Mzungu alikuwa anaangalia. Lakini niliuona mshipa wa shingo yake unaruka, na kicheko changu nikakiongeza. Sikijutii. Kama ningejua kitanigharimu nini, ningekicheka vile vile, pengine kwa nguvu zaidi.

Kambare akapewa mlinzi wa machimbo, mtu wa Ankole, akaondoka naye akiimba. Mke wa mzee akanipeleka nyuma, akanipa maji na sabuni, akalifua shati langu yeye mwenyewe, akanivalisha la mume wake. Mikono ya shati lile ilinipita vidole. Kisha tukapelekwa karakana.

Harufu ya karakana ile siwezi kukueleza. Mafuta, chuma, moshi wa makaa. Mzee alikuwa na pampu ndogo ya maji. Akaifungua mbele yetu polepole, akavipanga vipande mezani, akasema kila mmoja ajaribu kuirudisha. Mpwa wa mwalimu alishika kipande kwa ncha za vidole, akakiweka chini, akajipangusa. Mtani wetu aliifunga yote, ikabaki nati moja mkononi, akaitia mfukoni.

"Hii ya akiba," akasema.

"Rudisha nati ya watu, mwizi wewe!" tukampigia kelele, na mzee akacheka mpaka akashika meza.

Zamu yangu ilipofika niliifunga. Haikuwa ajabu yoyote. Wakati anaifungua wenzangu walikuwa wanamtazama ndevu, mimi nilitazama mikono. Mzee akazungusha mpini, maji yakatoka. Akanishika bega.

"Mwalimu, huyu. Mkirudi kutoka Kampala, huyu anabaki kwangu."

Alisema mbele ya wote. Niliyasikia maneno yale kwa masikio haya haya. Nilisimama pale na shati la mtu lililonipwaya, na naweza kusema sijawahi kuwa tajiri kama nilivyokuwa tajiri mchana ule, ingawa baadaye nimeshika mali.

Jua lilipoanza kuinama, wanawake wa nyumba ile wakaanza kutandika kitambaa cheupe mezani kwa ajili ya siku yao ya mapumziko, na mikate iliyosukwa kama nywele za wasichana. Watoto wao wanaogeshwa, mtu anapuliza vumbi kwenye vioo vya taa. Mwalimu akaniita nyuma ya ukuta.

"Vua shati la watu. Vaa lako. Unarudi."

"Narudi wapi, mwalimu?"

"Kwenu. Na shuleni usikanyage tena. Mwanafunzi anayemcheka mwalimu wake mbele ya Mzungu hana shule."

"Mzee amesema nibaki."

"Mimi nimetumwa hapa na mzee au na padre? Nafasi hii ni ya misheni. Na hapa, misheni ni mimi."

Mzee akatokea mlangoni. Alikuwa amesikia sauti. "Kuna nini?"

Uso wa mwalimu ukabadilika kama mtu aliyegeuza kitambaa upande wa pili. "Mtoto ana homa, mzee. Imemshika ghafla. Namrudisha kwa mama yake."

Mzee akaniwekea kiganja kwenye paji la uso. "Hana moto."

"Homa zetu za huku huchelewa kuonekana."

"Mwache hapa. Sisi tuna daktari."

"Mzee wangu, akinifia ugenini, baba yake atamuuliza nani? Wewe au mimi?"

Mzee akanitazama mimi, akingoja niseme. Sikusema. Mke wangu ameniuliza mara nyingi: kwa nini hukusema? Kwa sababu nilikuwa mtoto, na mtu aliyenifundisha kusoma alikuwa anadanganya mbele yangu kwa uso mkavu. Na yule mzee angefanya nini? Alikuwa mgeni katika nchi ya watu, amefukuzwa kwake, hana uwezo wa kumpokonya mwalimu wa misheni mtoto wa misheni. Mke wake akanifungia mkate kwenye kitambaa. Nikavaa shati langu likiwa bado bichi, nikateremka kwenda mtoni.

Mpiga kasia wa asubuhi alikuwepo bado.

"Wenzako wako wapi?"

"Wanakwenda Kampala."

"Na wewe?"

"Mimi nimesharudi."

"Kampala yako ilikuwa fupi, kijana," akasema, akacheka peke yake mpaka katikati ya mto. Aliponiona sicheki akaacha. Tulipofika upande wetu hakunidai nauli.

Baba alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema nilifanya vema kukataa. Akaniogesha kwa majani ambayo ukoo wetu hutumia kuondoa uchafu wa muziro, akanisugua shingo kwa mikono yake mwenyewe, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nikiwa mchanga. Asubuhi akanikabidhi jembe. Hatukulizungumza tena.

Nafasi ya karakana alipewa mpwa wa mwalimu. Nilikuja kusikia kwamba alikaa mpaka mvua za masika, mashine ikambana kidole, akatoroka kurudi kwao. Watu walimhurumia. Mimi nilifurahi, nasema wazi. Nilifurahi siku nzima, na jioni nikala vizuri.

Mengine nitayapitisha haraka, maana kila mtu hapa Ihanda ninapoishi anayajua. Nilikwenda kuchimba bati upande wetu wa Kyerwa. Wenzangu wakienda kula, mimi naenda kusimama karibu na injini, mpaka yule aliyeiendesha akachoka kunifukuza na akaanza kunituma spana. Nikajifunza hivyo, kwa kutumwa. Nikapata baiskeli, nikawa nabeba kahawa ya watu, kisha yangu. Nikanunua kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa, hapa Ihanda, nikaleta mashine ya kukoboa, nikaifunga mwenyewe. Kila nati niliyoikaza, nilimkaza mwalimu yule. Wengine husema hasira inamla mtu. Yangu ilinilisha, na watoto wangu ikawalisha.

Mara moja, vita vilipokwisha, nilivuka kumtafuta yule mzee. Nilitaka anione nina miaka mingi zaidi na mikono myeusi kama yake. Nilitaka nimwambie sikuwa na homa. Nyumba niliikuta, lakini ndani walikuwa wameweka ngozi za ng'ombe, na juu ya mlango yamebaki matundu ya misumari. Wayahudi walikwisha ondoka, kila mmoja njia yake, na hakuna aliyejua wamekwenda wapi. Hilo nalo nikaliongeza kwenye deni la mwalimu.

Na yeye akaja. Ilikuwa miaka ya hamsini inakaribia kwisha. Amestaafu, amefiwa na mke, kwao Bukoba amegombana na ndugu zake juu ya ardhi, anatafuta mahali pa kuzeekea. Ikatokea kwamba kibanja kilichopakana na changu kilikuwa wazi, mwenyewe amekufa bila mtoto, na mukungu wetu, yaani mkuu wa kijiji, alikuwa tayari kumpa. Limebaki jambo moja tu. Kwetu mgeni hajapokelewa mpaka majirani wanywe rubisi yake, pombe ya ndizi, na wa kwanza kuweka mdomo kwenye mrija ni yule anayepakana naye. Huyo asipokunywa, hakuna anayekunywa. Na mtu ambaye rubisi yake haikunywewa, akiugua hakuna wa kumbeba kwenye machela, akifa hakuna wa kumchimbia. Anaweza kuweka godoro lake pale, lakini haishi pale.

Waliingia uani kwangu mchana, mukungu mbele, vijana wamebeba mtungi, majirani wanafuata huku wanalamba midomo. Mimi nilikuwa chini ya lori. Niliiona miguu yake kwanza. Nikatoka, nikajipangusa mikono, nikasimama. Yeye ni mkubwa wangu kwa miaka, akangoja nimwamkie shikamoo. Akaingoja sana.

"Habari za hapa, waitu," akasema mwishowe. Waitu ni neno la heshima huku kwetu, mtu humwambia mkubwa wake.

"Nzuri."

Mukungu akasema maneno yake yote: mgeni ni mtu wa dini, mwalimu, kijiji kitapata wa kusomea watu barua. Mtungi ukawekwa mbele yangu, mrija ukaelekezwa kwangu. Nikakunja mikono.

"Kunywa, mzee," jirani mmoja akasema. "Koo zetu zinakungoja wewe."

"Sinywi."

"Ana dawa ya tumbo nini?" mwingine akanong'ona.

"Sina dawa. Sinywi ya huyu."

Mwalimu akashtuka. "Nimekukosea nini, ndugu yangu? Hatujuani."

"Nitazame vizuri."

Akanitazama. "Wewe ndiye mwenye malori."

"Kabla ya malori."

"Ulikuwa mwanafunzi wangu?" Akafinya macho. "Nilifundisha wengi, waitu. Wewe ndiye... ndiye yule aliyeiba chaki?"

Majirani wakaangua kicheko. Wanawake waliokuwa jikoni wakatoka kuangalia mwizi wa chaki ni nani. Damu ilinipanda mpaka machoni. Miaka yote ile nimelala naye, nimeamka naye, na yeye hanijui!

"Ng'ambo ya mto," nikasema. "Kwa Wayahudi. Siku ya kwanza."

Uso wake ukafunguka. "Aaa! Wale watu! Walikuwa na mikate mizuri sana." Kisha akaonyesha kidole, amefurahi kweli kweli. "Wewe ni yule mtoto aliyekuwa na homa! Nilikuhangaikia siku ile. Mzee wa kule alitaka ubaki, nikasema hapana, mtoto mgonjwa arudi kwa mama yake. Unaona? Mungu alikuponya."

Nilimtazama usoni nikitafuta uongo. Nautambua uongo wake, niliuona kwa karibu. Haukuwepo. Alikuwa ameusema siku moja kwa faida yake, na tangu hapo akauishi mpaka ukawa kweli kwake. Alikuwa amelala usingizi mzuri miaka yote kwa wema alionitendea.

"Sikuwa na homa," nikasema. "Ulinifunga muziro wangu shingoni, ukanifukuza shule, nafasi yangu ukampa mtoto wa dada yako. Hawa wote wasikie."

Kicheko kikafa. Neno muziro lilitosha. Hakuna mtu pale ambaye hakuwa na wake. Jirani aliyenisihi ninywe akarudi nyuma akauacha mtungi.

"Mimi?" mwalimu akasema. "Sikumbuki jambo kama hilo."

"Najua. Ukikumbuka, rudi."

Mukungu akanivuta pembeni. "Mzee, mtu amechoka, mtu hana pa kwenda. Amekuita waitu mbele ya watu. Unataka nini tena?"

"Sitaki kitu."

"Hata tone moja?"

"Hata tone."

Mke wangu akaja, akaniita kwa lile jina analoniita tukiwa wawili tu, akasema nimwangalie mtu alivyokonda. Nilimwangalia. Alikuwa amekonda kweli. Nikarudi chini ya lori, na kutoka kule niliiona miguu yao inageuka: ya mukungu, ya majirani, ya vijana waliobeba mtungi, na ya kwake mwisho. Ilisimama pale muda, kama anayejaribu kukumbuka. Halafu ikaondoka.

Majirani walininunia kwa sababu ya rubisi ile. "Umetoka na kinyongo chako, sisi na kiu yetu," mmoja aliniambia, na kwa muda mrefu hawakuniita kwenye pombe zao. Mwalimu alikwenda kuishi kwa mkwewe upande wa Muleba, chumba cha uani. Nilipoletewa habari ya msiba wake sikwenda.

Kile kibanja nilikiomba mimi nikapewa. Nilipanda kahawa mpaka mpakani. Nina vibarua wa kutosha, na magoti yangu siku hizi hayapendi kuinama, lakini kahawa ya pale sijawahi kumwachia mtu aichume. Naichuma mwenyewe, polepole, mti kwa mti.